Umeme kwa Jina la Rachidi

Buyenzi, Bujumbura
2 Machi 2003

Mwanangu Djibril,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba na umenyoa, maana picha uliyotuma mwaka jana ilinitia wasiwasi kwa yote matatu. Sisi huku tuko salama, kwa kadiri ya usalama wa huku. Mvua zimenyesha, risasi zimepungua, na Mwavita, mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, amejifungua mtoto wa kike. Amempa jina langu, nami heshima hiyo nailipia kwa kutolala. Mguu wa kushoto bado unanisumbua. Friza iko nzima na watu wananunua barafu, kwa hiyo tunakula.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini kuandika. Watu wa umeme wamekuja na akili mpya. Wanataka kung'oa mita zetu za zamani na kuweka nyingine ambazo unalipa kwanza ndipo taa iwake. Unapanga foleni dirishani kwao, unatoa pesa, unapewa kikaratasi chenye namba ndefu, unarudi nacho nyumbani na kuziminya hizo namba kwenye kisanduku ukutani. Ukikosea moja, giza. Umeme ukikuishia saa za kuvrefe, wakati hakuna ruhusa ya kutoka nje, unakaa hivyo hivyo mpaka asubuhi. Wameanza na Mutanga Nord, na tunaambiwa watu wa kule wanaisifu sana. Watu wa Mutanga Nord wana jenereta nyuma ya nyumba. Hata mimi ningekuwa na jenereta ningesifu mita yoyote.

Unamkumbuka Pontien, yule bwana anayekuja kila mwezi kusoma mita yetu na kunywa chai yetu. Nilimuuliza: nikinunua umeme wa mwezi mzima, na kesho yake watu wa milimani wenye bunduki wakaangusha nguzo, umeme wangu utakuwa wapi? Akasema utaningoja ndani ya kisanduku. Nikamwambia hata pesa yangu ilikuwa inaningoja vizuri ndani ya pindo la kanga. Nikamuuliza tena, na yeye atakuja kusoma nini? Akasema mita mpya inajisoma yenyewe. Hilo lilimuuma kuliko lilivyoniuma mimi, akaomba kikombe cha pili.

Hayo ni ya kucheka. La kunikondesha ni hili. Kila mita mpya inaandikishwa upya, na wanayemtaka ni yule mwenye jina kwenye fakitire, ile bili ya kila mwezi. Fakitire yetu, unajua, ina jina la Baba yako Mkubwa Rachidi. Pontien akaniambia, "Mama, kule tunataka titulaire mwenyewe, mwenye jina. Akuje na karatasi yake. Kama alishakufa, unaleta karatasi ya kufa." Nikamkumbusha kuwa titulaire alitoka garaji yake kule Zone Industrielle mwaka wa tisini na sita, akavuka kwenda Uvira kutafuta springi za lori, vita ikafunga njia nyuma yake, na mpaka leo hajarudi yeye wala springi. Pontien akasema kompyuta haina mahali pa kuandika hivyo. Ama yuko hai na aje, ama amekufa na karatasi ije. Kama mke aliachwa, basi karatasi ya talaka nayo inafaa. Wametupa muda mpaka Idd baada ya Ramadhani. Atakayekuwa hajaandikishwa, waya wake unakatwa. Nikikatiwa umeme friza imekufa, na friza ikifa sina kazi nyingine ya kufanya, mwanangu. Nasema wazi ili usidhani nakuandikia porojo za kompyuta.

Karatasi ya kifo si ngumu. Miaka hii shefu wa kartie, mkuu wetu wa mtaa, anazitoa bila hata kuvaa miwani. Lakini nikisema amekufa, inanibidi nikae eda ya mjane, miezi ndani ya nyumba, na avenyu nzima ije kunipa pole. Nikae eda ya mtu nisiyejua kama anapumua? Na nikishakaa ndani, nani atakwenda dirishani kununua hizo namba zao?

Huko kwenu wanapita watu wengi wa Uvira na wa Kigoma. Hujasikia lolote? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine.

Mama yako Mkubwa,
Mwantum


Dar es Salaam
6 Aprili 2003

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ililetwa na mfanyabiashara wa dagaa, ikanuka dagaa, lakini ilisomeka yote. Mpe Mwavita hongera. Mimi ni mzima na nimenyoa. Kazi inaendelea, sasa wamenipa dirisha langu mwenyewe kwenye kibanda cha kuuzia LUKU, ndiyo maana nimefurahi kusikia habari za mita, kwa sababu hapo umeingia katika fani yangu.

LUKU maana yake Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, nayo ndiyo hiyo hiyo wanayotaka kuwaletea. Usiogope hata kidogo. Huku mwanzoni watu waliikataa vilevile. Walisema inakula umeme kisirisiri watu wakilala. Kuna mama mmoja jirani aliifunika kwa kitambaa cheusi ili isiweze kuhesabu. Mwingine alikuwa anainong'oneza isikimbie. Sasa hao hao ndio wanaonijia dirishani wamevaa vizuri, wananiita mwanangu, na wakikosa namba zao hawana raha. Hakuna tena mtu wa kuleta bili ya mwezi usioukumbuka, na hakuna wa kuja na koleo kukukatia mbele ya majirani. Ukiishiwa, umejikatia mwenyewe, na aibu inabaki ndani.

Katika nyumba ninayokaa kuna mzee mmoja aliyekuwa mkali kuliko wewe. Alisema yeye hawezi kulipia chakula kabla hajakionja. Leo ndiye mwenye mita. Hataki mwingine aziminye zile namba, anavaa miwani, anaminya moja moja, na taa zikiwaka anasema, "Karibu mgeni, ulilala wapi?" Nyumba nzima inacheka. Kwa hiyo utaona kwamba hata wazee wanazoea.

Kuhusu karatasi, naona uichukue tu, Mama Mkubwa. Miaka imekuwa mingi. Mungu anajua nia yako, na friza haiwezi kungoja. Kununua namba, mtu wa kumtuma hakosekani.

Ningeandika zaidi lakini foleni imefika barabarani.

Mwanao,
Djibril


Buyenzi, Bujumbura
20 Julai 2003

Djibril,

Wa aleikum salaam. Barua yako ilifika mwezi wa tano. Ningejibu mapema, ila kwanza sikuweza, halafu mwezi huu yakaanguka mabomu upande wa kusini wa mji na tukahamia chini ya vitanda. Tumetoka wazima. Avenyu yetu imepoteza vioo vya madirisha na mbuzi wa Daphrose, muuza mkaa, ambaye wengine wanasema hakuuawa na bomu bali na jirani aliyetumia nafasi. Mtoto wa Mwavita anaota meno. Shikamoo yako nimeipokea, naona Dar imekufundisha adabu ya maneno.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, kwa ajili ya LUKU bila shaka. Jina ni zuri, ila si la kweli. Anayelipa kabla hajatumia halipi kadiri atumiavyo. Wangeiita Lipa Ukae Ungoje, hapo ningewaelewa, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mimi miaka yote hii.

Sasa yule mzee wa nyumbani kwenu. Neno hilo, "karibu mgeni, ulilala wapi", nimelisikia katika vinywa viwili tu tangu nizaliwe. Kimoja ni cha baba mkwe wangu, aliyelianzisha mwaka umeme ulipoingia avenyu yetu, naye tulimzika sisi wenyewe. Cha pili ni cha mwanawe. Wewe umelisikia tangu ukiwa mdogo, kila umeme ukirudi, ukakua ukidhani ni Kiswahili cha watu wote. Si cha watu wote. Ni cha nyumba hii. Ulikificha kila kitu kwa uangalifu, jina, sura na mahali, ukasahau kukificha hicho kwa kuwa hukujua kuwa ni kitu.

Nilikasirika, Djibril. Niliosha sufuria zilizokuwa safi. Yeye nilimkasirikia, lakini wewe zaidi, kwa sababu yeye nilishamlilia yakaisha, na wewe nilikulea tangu mdogo wangu alipofariki akakuacha mikononi mwangu. Nilikuuliza swali moja, nikaomba ulijibu kwanza, ukanijibu habari za kitambaa cheusi. Na kila Ijumaa mimi namsomea Yasini. Naona dua zimefika. Zimemkuta Dar es Salaam ana macho ya kusoma namba na vidole vya kuziminya.

Na hilo la kuuliza mtu alilala wapi, kama kuna mwenye haki ya kuuliza katika ukoo huu, ni mimi.

Sitaki maelezo. Sitaki kujua anakaa na nani, maana mzee kama yeye hajipikii. Mfikishie haya tu. Watu wa umeme wanamngoja mpaka Idd. Ama aje asimame mbele ya Pontien na kitambulisho chake, ama anipe talaka yangu, niandikwe mimi. La tatu hakuna.

Mwantum


Dar es Salaam
31 Agosti 2003

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini mko salama na mabomu yamekwisha. Hapa joto limeanza. Wametuletea mashine mpya inayochapa namba haraka zaidi, foleni imepungua. Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila mara naona nimeanza na mashine.

Ulisema hutaki maelezo, nitakutii, isipokuwa hili moja. Nilipofika huku sikuwa na pa kulala, nikaugua homa, na yeye ndiye aliyeniokota. Aliniomba nisiseme mpaka aseme mwenyewe. Nikangoja aseme. Kila mwaka alisema mwakani.

Ujumbe wako nilimpa garajini kwake, si nyumbani, kwa sababu nyumbani kuna mke wake wa huku. Walikuwepo mafundi wawili wa Kigoma, Waislamu, watu wazima, wakila chakula cha mchana nasi. Kwanza aliuliza kama friza bado inafanya kazi. Nikamwambia ndiyo. Akafurahi sana, akawaeleza mafundi jinsi alivyoifunga mota kwa mikono yake, hadithi ikawa ndefu. Kisha akasema hawezi kuja, kwa sababu ya mgongo, na nauli, na vita. Nikamuuliza habari ya talaka. Akasema talaka haandiki, kwa sababu mtu mwenye heshima hamwachi mke waliyeishi naye vizuri, na kwa sababu nyumba ya Buyenzi anaiweka kwa uzee wake.

Akala kidogo, halafu akapata wazo. Nayaandika maneno kama alivyoyasema, bila kupunguza. "We Djibril, mbona munajisumbua? Achukue ile karatasi ya kufa. Anihesabu maiti. Mi na yeye tulishaisha. Namupa ruhusa." Ndivyo alivyosema, Mama Mkubwa. Anakuruhusu umwandikishe kuwa amekufa. Anasema karatasi ni karatasi tu, na vita ikiisha ataangalia namna ya kufufuka. Anakusalimu.

Usiniulize mimi naona nini. Niko hapo kati, na kila upande nilikula.

Djibril


Buyenzi, Bujumbura
28 Septemba 2003

Djibril,

Wa aleikum salaam. Sisi wazima. Mvua za kwanza zimeanza, bati la jikoni linavuja palepale linapovuja kila mwaka. Mtoto ana meno mawili na anayatumia. Pontien amepita kukumbusha tarehe, akanywa chai kwa huzuni kama mtu anayeaga.

Ruhusa ya marehemu nimeipata. Nilicheka mpaka Mwavita akaja kuangalia kuna nini. Katika vita hii nimeona wafu wa kila aina, lakini mwenye kutuma salamu na kuulizia friza ni huyu wa kwanza. Nikajisemea, basi, kama mwenyewe ameridhia, mimi ni nani wa kumbishia? Nikavaa vizuri, nikaenda mpaka mlangoni kwa shefu wa kartie. Pale mlangoni nikaanza kuona yatakayofuata. Daphrose ataleta mkaa bure. Wengine wataleta sukari na mchele, watakaa mkekani na kusema Mungu amlaze pema, na yeye wakati huo yupo chini ya gari anapiga soga. Sikuweza kupokea sukari ya watu kwa uongo. Nikageuza.

Nikaenda kwa shehe wa msikiti wetu. Usidhani nilimkuta ametulia na tasbihi. Alikuwa anafokeana na watu wa umeme, kwa sababu fakitire ya msikiti nayo ina jina la mtu aliyekufa zamani, na ndugu wa marehemu wanataka kuitumia kudai kiwanja. Nilimsomea barua yako nusunusu, hasikilizi, mpaka nilipofika kwenye maneno ya Baba yako Mkubwa. Akanisimamisha, akanirudisha nyuma, akataka kuyasikia tena. Kisha akasema hiyo ni kinaya.

Kinaya, alivyonieleza, ni neno la mzunguko. Mume hakutamka talaka, ametamka jambo jingine linaloweza kuwa talaka au lisiwe. Linasimama na nia ya aliyelisema. Kama Rachidi aliposema nimhesabu maiti na kwamba tulishaisha alikusudia mita tu, basi ni maneno ya mita, mimi bado ni mke wake. Kama alikusudia mimi na yeye, basi niliachika siku ile ile, garajini, mbele ya mashahidi, kati ya tonge na tonge, na mwachaji mwenyewe hana habari.

Kwa hiyo muulize alikusudia nini. Usimfundishe jibu. Usimtege, wala usimwongezee neno kwa kunihurumia, maana ukinidanganya kwa wema nitaishi katika haramu na wewe ndiye utakayeulizwa. Wawepo mafundi wale wale, na waweke majina yao. Akisema alikusudia mita, niandikie hivyo hivyo, na mimi nitanunua kandili.

Najua unakula kwake na unalala kwake. Najua ninachokuomba. Lakini nimechoka, Djibril. Mjane ana pa kukaa, mke ana pa kukaa, hata mtalaka watu wanajua wamsalimieje. Mimi miaka saba sijui niko wapi kati ya hao. Nataka kuambiwa mimi ni nani, lolote litakalokuwa nitalibeba.

Mwantum


Dar es Salaam
26 Oktoba 2003

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na Ramadhani njema, inaanza kesho au keshokutwa kwa jinsi wanavyobishana huku. Sina habari za mashine leo.

Nilimuuliza kama ulivyoagiza. Alikuwa chini ya gari, mafundi wale wawili wakiwa pembeni. Nikasema, "Baba Mkubwa, siku ile uliposema Mama Mkubwa akuhesabu maiti, na kwamba mlishaisha, ulikusudia mita au ulikusudia ndoa?"

Hakutoa hata kichwa. Akasema, "Mita gani? Mi nilisema ule mwanamuke. Nilimuacha kwa roho tangu Uvira. Mita ni mambo yenu."

Sikutaka iwe ni neno la hasira tu, nikamuuliza mara ya pili, polepole, nikamwomba afikirie. Akajibu yale yale na kuongeza kwamba namchelewesha kazi. Sikumfundisha, Mama Mkubwa. Naapa kwa mwezi huu unaoingia. Majina ya mafundi yako nyuma ya karatasi hii, wameandika wenyewe.

Baada ya hapo nilimweleza maneno ya shehe, kwa sababu sikutaka kumfanyia yeye nilichokufanyia wewe. Alitoka chini ya gari. Akapangusa mikono muda mrefu. Kisha akasema nimemuuza. Akasema miaka yote alikuwa anajua kwamba, yakimshinda huku, ana nyumba yake Buyenzi na mtu ndani yake, na sasa nimeitoa mkononi mwake kwa ajili ya balbu. Mafundi walijaribu kumtuliza. Mmoja alicheka, ikawa mbaya zaidi.

Barua zako sasa zipitie kibandani, usitumie tena ile anwani ya nyumbani kwake. Nimehamia hapa hapa, kuna nafasi nyuma ya mashine, pako sawa. Umeme haukatiki na mwenye kibanda hana neno kama naondoka kabla wateja hawajafika. Usiwaze. Futari nakula kwa majirani.

Djibril


Buyenzi, Bujumbura
30 Novemba 2003

Mwanangu Djibril,

Assalaam aleikum, na Idd mubarak ingawa itakufikia imepoa. Ramadhani ilikwenda vizuri, barafu ilinunuliwa kila magharibi mpaka friza ikawa inalalamika. Mji una matumaini kidogo, wakubwa wametia saini huko walikotia saini, na watu wanasema safari hii ni kweli. Mtoto wa Mwavita amesimama, akaanguka, akacheka.

Shehe alisoma barua yako mbele ya watu wawili. Alisoma majina ya mafundi, akauliza kama mwandiko ni wako, kisha akasema mambo yamekwisha, mimi nimeachika. Nikamuuliza nianze lini kukaa eda. Akahesabu vidole, akasema eda ya mtalaka inaanza siku neno lilipotoka, si siku mke anapopata habari. Kwa hiyo nimekuwa katika eda tangu ile siku ya chakula cha mchana garajini. Karibu yote imekwisha bila mimi kujua, nikiwa sokoni, nikiwa kwa shefu wa kartie, nikiwa napiga kelele na wateja. Siku za mwisho mwisho nilikaa ndani kwa adabu, na Mwavita akauza barafu, akakosea chenji kila siku.

Siku zilipotimia nilikwenda dirishani kwa watu wa umeme na karatasi ya msikiti, yenye muhuri wa shefu. Foleni ilikuwa imejaa watu wa avenyu yetu, maana sote tunangoja dakika ya mwisho. Pontien, ambaye sasa amewekwa dirishani kwa kuwa hakuna tena mita za kusoma, aliuliza kwa sauti ya kazi kama titulaire wa zamani alikufa. Hilo ndilo lililonifanya nihangaike mwaka mzima, mwanangu, si namba wala kisanduku. Watu wamenipa heshima ya mke wa aliyepotea vitani. Walinipisha mbele ya foleni ya maji kwa heshima hiyo. Nikaona aibu inapanda mpaka masikioni. Nikasema, "Hakufa. Iko Dar. Aliniacha." Daphrose akasema nyuma yangu, "Basi tulimuombea bure." Nikamwambia haikuwa bure, amenenepa. Ndipo wakacheka, na mimi nikacheka nao, na nilipomaliza nikakuta ninalia kidogo, Pontien akajifanya anatafuta kalamu.

Mita wameifunga. Siipendi. Inalia kama kifaranga umeme ukikaribia kwisha, tena mbele ya wageni, kila mtu anajua hali yako. Namba nilizikosea mara ya kwanza na kuwalaumu waliozitunga. Lakini kikaratasi kinatoka kimeandikwa Mwantum, jina langu peke yake, na friza inanguruma kwa ajili ya jina hilo. Nakiri nimekiweka cha kwanza ndani ya msahafu, ingawa namba zake zimekwisha kazi.

Sasa wewe. Unaniandikia kwamba pako sawa huko nyuma ya mashine. Nimekulea, najua unavyoandika ukiwa na njaa, unaandika kifupi na unasema nisiwaze. Ulisema kweli pale uliposhindwa kuisema miaka yote, na imekugharimu kitanda. Hilo nimeliona. Hata hivyo sijakusamehe. Nilijaribu asubuhi ya Idd, baada ya swala, kwa nia safi kabisa, nikaona bado. Huenda ikachukua muda, na huenda nikakusema kila siku wakati wa chai, tena mbele ya watu.

Lakini mtu ambaye hajasamehewa halali kwenye kibanda cha watu wakati kwao kuna chumba. Nauli nimempa huyu anayekuletea barua, usiile. Njoo, Djibril. Njoo usisamehewe hapa nyumbani.

Mama yako Mkubwa,
Mwantum